Tembo Hajui Kuwa Kesho ni Jumatatu

Huku Mgori hakuna anayemfuata tembo ili kumtazama. Tembo ndiye anayemfuata mtu. Hutoka msituni usiku, mtama ukiwa umekomaa na mahindi yakiwa bado mabichi, na asubuhi mwenye shamba hukuta jasho la mwaka mzima limelazwa chini. Mama akisikia miti inavunjika nyuma ya nyumba hatoki na simu kupiga picha. Huwaingiza watoto ndani, huwanyamazisha, kisha majirani huitana na kutoka kwa kundi, wana tochi na madebe, huku wakimwachia mnyama upande wa kuondokea. Hilo la mwisho lina uzito kuliko kelele zote, maana tembo aliyezibiwa njia ni hatari kuliko tembo mwenye njaa.

Kata hii iko mashariki ya mji wa Singida, na jina lake limebebwa na msitu wa miombo wenye zaidi ya hekta 40,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuuchukua uwe hifadhi yake. Baada ya mabishano marefu, mwaka 1995 vijiji vitano vinavyopakana nao vikaachiwa kuulinda vyenyewe, kila kimoja kikiwa na eneo lake, sheria ndogo zake na walinzi wake waliotoka miongoni mwa vijana wa hapo hapo. Pamoja na Duru-Haitemba ya Babati, Mgori ukawa mfano uliotajwa kila ilipozungumzwa misitu ya vijiji nchini, miaka kadhaa kabla ya Sheria ya Misitu ya 2002 kuupa mpango huo nguvu kamili. Walinzi wale waliingia porini kwa zamu, kwa wengi, na kwa ruhusa inayojulikana. Nani ameingia na anatoka lini lilikuwa jambo la kijiji kizima.

Nimeanza na habari hizi kwa sababu nataka kusema na vijana wanaokuja kwa mwendo mwingine kabisa. Siku hizi safari za wikiendi zimeshika kasi. Watu kumi wanachangishana kwenye kundi la WhatsApp, wanakodi Noah au Coaster, wanaondoka Ijumaa usiku, Jumamosi wako kwenye maporomoko, Jumapili wako kwa wanyama, na Jumatatu saa mbili asubuhi kila mtu yuko ofisini. Wengine huenda Materuni kule Moshi, wengine Sanje kwenye milima ya Udzungwa ambako maji yanaanguka mita 170, wachache wanafika Kalambo, mpakani na Zambia, kwenye poromoko linalozidi mita 200. Wenye uwezo zaidi huvuka hadi Victoria Falls, waogelee kwenye ukingo wa poromoko, waruke kutoka darajani, wafuatilie simba na tembo, na yote hayo yaishe ndani ya siku mbili au tatu. Nafurahi kuona Watanzania wakizunguka nchi yao na bara lao. Tulikaa miaka mingi tukiamini kwamba mbuga ni za wazungu. Lakini ndani ya mtindo huu kuna jambo linaloua watu, nalo si uoga wala ushujaa. Ni ile ratiba. Mtu mwenye siku mbili tu hukiona kila kizuizi kama wizi wa muda wake. Mvua ikinyesha anasema itapita. Akiambiwa kundi la tembo lina ndama, anasema tumetoka mbali, tusogee kidogo tu.

Kisa ninachotaka vijana wakijue vizuri kilitokea kwa jirani zetu wa Kenya, katika Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha. Ni hifadhi ndogo, ya kilomita za mraba 68 hivi, na inapendwa sana na watu wa Nairobi kwa sababu iko karibu na mji na ni miongoni mwa hifadhi chache ambako mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli au kutembea kwa miguu kati ya pundamilia na swala. Ndani yake kuna korongo liitwalo Ol Njorowa. Kuta zake ni za mwamba laini uliochongwa na maji kwa maelfu ya miaka, na mahali pengine zimekaribiana kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono anagusa pande zote mbili. Chini kuna kijito chembamba na maji ya moto yanayochuruzika mwambani. Ni mahali pazuri sana, panafaa kila picha.

Mwezi Aprili 2012, kundi la vijana wa kanisa kutoka Nairobi lilikwenda kutembea humo. Maji yakaja ghafla. Vijana saba hawakurudi makwao. Nchi nzima ililia, magazeti yakaandika, maonyo yakatolewa. Kisha miaka ikapita, na watu wakaendelea kushuka korongoni kila mwisho wa juma. Jumapili ya tarehe 1 Septemba 2019, kundi jingine la wageni pamoja na mwongozaji wao lilikuwa chini mle mle alasiri mvua iliponyesha. Maji yakaja tena kama yalivyokuja mwanzo. Watu wasiopungua sita walikufa, wakiwemo ndugu wa ukoo mmoja na mwongozaji mwenyewe, mtu aliyelijua korongo lile. Askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya, polisi na Msalaba Mwekundu walitafuta miili usiku na kesho yake, mingine ikiwa imebebwa mbali sana, na shirika likalifunga korongo.

Korongo lile lile, maji yale yale, miaka saba katikati. Ukitazama ramani utaelewa namna inavyotokea. Korongo ni mfereji unaopokea maji ya eneo kubwa la juu. Mvua inaweza kunyesha kilomita kadhaa mbali, mahali usipopaona wala kupasikia, huku kichwani pako jua linawaka. Ardhi ya huko juu ikiwa kavu na ngumu hainywi maji haraka. Yanateleza, yanajikusanya, yanaingia kwenye mlango mwembamba yakiwa yamebeba matope, mawe na magogo. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Maji yanayokimbia kwa kina cha sentimita 15 tu yanatosha kumwangusha mtu mzima, na yakifika magotini hata aliyezoea hawezi kusimama. Mahali ambapo ukuta umenyooka pande zote mbili huna pa kukimbilia isipokuwa mbele, na mbele ndiko maji yanakokwenda.

Sisi wa Singida hatuhitaji kusafiri hadi Naivasha kulielewa hili. Mkoa wetu ni mkavu. Maji hatuyaoni miezi sita au zaidi, kisha yanakuja yote kwa siku moja. Makorongo yanayolala kama barabara za mchanga tangu Juni, ikifika masika yanafunga njia kuanzia asubuhi hadi jioni. Na wazee wetu wana desturi ambayo vijana huiona kuwa ni uzito wa akili: wanakaa. Basi linasimama, watu wanashuka, mwenye mahindi ya kuchoma anapata wateja, na safari inangoja mpaka mkia wa maji upite. Hakuna anayeona aibu kuchelewa kwa ajili ya korongo. Dereva anayejitosa huambiwa waziwazi kwamba hana watoto nyumbani. Aprili 2024, jijini Arusha, basi dogo la shule lilisombwa na maji korongoni asubuhi likiwapeleka watoto darasani, na wanafunzi kadhaa wakafa. Ule ulikuwa mji mkubwa, njia ya kila siku, mwendo wa dakika chache. Kama korongo la mjini linafanya hivyo, mgeni anayeshuka kwenye korongo la porini baada ya mvua anategemea nini?

Kusini mwa bara, kwenye mto Zambezi, wamelijua somo hili kwa namna ambayo ningependa iigwe kila mahali. Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria Falls, ina upana wa mita 1,708, na maji yanaanguka mita 108. Kwenye ukingo wake upande wa Zambia kuna bwawa dogo la mwamba ambalo wageni huogelea, miguu ikiwa karibu kabisa na mwanguko. Picha zake zimezunguka dunia nzima. Lakini bwawa hilo linafunguliwa tu miezi ambayo mto umepungua, kuanzia katikati ya Agosti hivi hadi mwanzoni mwa Januari. Maji yakijaa halipo tena, limemezwa. Ukifika Aprili, hata uwe umelipia hoteli, umetoka Ulaya na una siku moja tu, hakuna anayekupeleka. Mto ndio wenye kalenda, na watu wa pale wameikubali.

Hata pale penye mpangilio mzuri, mambo huharibika. Tarehe 31 Desemba 2011, mtalii kijana kutoka Australia aliruka kutoka daraja la Victoria Falls, urefu wa mita 111, akiwa amefungwa miguu kwa kamba ya mpira. Kamba ikakatika. Aliingia mtoni kichwa mbele, miguu imefungwa, akaogelea kwenye maji yenye kasi na mamba hadi mwambani. Alipona, na video yake bado inatazamwa. Wiki chache baadaye waziri aliyeshughulikia utalii nchini Zambia aliruka mwenyewe hadharani ili kuonyesha kwamba mahali pale ni salama. Sina ugomvi na waziri yule, alikuwa anatetea mkate wa watu wake. Ila mruko mmoja uliofanikiwa hauthibitishi kamba, kama vile kuvuka korongo mara kumi bila maji hakuthibitishi korongo.

Turudi kwa tembo, maana huyo ndiye wa kwetu.

Tarehe 7 Julai 2024, Jumapili kama ile ya Hell's Gate, mtalii kutoka Hispania, mwenye umri wa miaka 43, alikuwa kwenye gari ndani ya hifadhi ya Pilanesberg, Afrika Kusini, pamoja na mchumba wake na wanawake wengine wawili. Waliona tembo wenye ndama. Alishuka garini, akawasogelea kwa miguu apige picha. Jike mmoja akamjia, kundi likamkanyaga, na hakuna aliyeweza kumsaidia. Sheria ya kutoshuka garini aliijua, kila mgeni huambiwa langoni. Mwaka huo huo huko Zambia watalii wawili wa Marekani walikufa kwa tembo: mmoja mwezi Machi katika Hifadhi ya Kafue, dume lilipolifukuza gari na kulipindua mahali ambapo dereva hakuwa na njia ya kukwepa, mwingine mwezi Juni mjini Livingstone, wageni waliposimama barabarani kwa sababu ya kundi la tembo. Kisha mwanzoni mwa Julai 2025, wanawake wawili waliozidi miaka 65, mmoja wa Uingereza na mwingine wa New Zealand, walikuwa kwenye matembezi ya miguu katika Hifadhi ya South Luangwa. Walikuwa na waongozaji wenye bunduki. Jike mwenye ndama akawajia kwa kasi. Risasi zilipigwa, zikampata, lakini hazikumzuia. Wote wawili walifariki.

Vifo hivi havifanani, na mtu mwaminifu lazima akiri hilo. Yule wa Pilanesberg alivunja sheria. Wale wa South Luangwa walikuwa chini ya waongozaji wao, katika bonde ambalo safari za miguu zilianzia tangu miaka ya 1950 na lenye waongozaji wanaosifika barani kote. Kinachoviunganisha visa vya Pilanesberg na South Luangwa ni ndama. Tembo jike hubeba mimba miezi 22, kisha hunyonyesha kwa miaka. Mtoto mmoja ni kazi ya sehemu kubwa ya maisha yake, na analindwa na mama, mama wadogo, bibi na dada kwa pamoja. Ukijiweka kati ya ndama na mama yake, hata kwa bahati mbaya, umeshatoa tangazo la vita bila kujua. Dume naye ana majira yake: akiwa kwenye joto la kutaka jike, tezi zilizo kati ya jicho na sikio hutoa majimaji yanayochirizika shavuni, mkojo unamtiririka miguuni, na tabia aliyokuwa nayo jana haipo leo. Mkulima wa Mgori akikuta dume la namna hiyo haulizi mara mbili. Anageuza njia, hata kama kisima kiko upande ule.

Vitabu vya watalii hueleza namna ya kutofautisha tembo anayetisha na tembo anayekuja kweli: wa kwanza ametandaza masikio na kupiga kelele, wa pili ameyabana na kukunja mkonga. Ni kweli kwa kiasi, na askari wa wanyamapori hutumia alama hizo. Lakini mgeni asijaribu mtihani huo. Mnyama wa tani tano au sita humshinda mbio mtu wa kawaida, na muda wa kusoma masikio yake ndio muda uliokuwa wa kuondoka. Lenye faida kwa mgeni ni upepo, na ni watu wachache wa mjini wanaoufikiria. Tembo haoni mbali sana, lakini pua yake haina mfano. Wakulima wa huku hurusha vumbi kidogo hewani kabla ya kukata pori ili wajue harufu yao inaelekea wapi. Wakiona inaelekea kichakani wasikoona ndani, wanazunguka. Inaongeza saa nzima kwenye safari. Saa hiyo ndiyo ambayo mwenye wikiendi moja hataki kuitoa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni mwongozaji. Kwenye safari ya vijana wa mjini, mwongozaji mara nyingi ni kijana wa kijijini anayelipwa kwa siku. Wageni wamelipa kuona tembo. Akisema leo upepo ni mbaya, turudi, wataguna. Mmoja atauliza kama na fedha zitarudi. Mwingine atatania kwamba kumbe mwenyeji ni mwoga kuliko wageni. Kijana yule ana ada ya mdogo wake kichwani. Anasogea hatua nyingine kumi. Hatua hizo kumi hazitokani na ujinga wake, maana yeye ndiye anayejua kuliko wote waliopo. Zinatokana na fedha iliyowekwa mahali pabaya: analipwa kwa kuonyesha, halipwi kwa kukataa. Kwenye korongo ni vivyo hivyo, na kwenye poromoko ambako mawe yana utelezi na mtu anataka picha akiwa ukingoni kabisa.

Mgori bado haijajaa watalii. Msitu wake unajulikana zaidi kwa asali na kwa historia ya ulinzi wa vijiji. Lakini reli ya mwendokasi imeifikisha Dodoma karibu na Dar es Salaam tangu 2024, na kutoka Dodoma hadi Singida ni lami tupu. Mtu anayetaka kuona pori lisilo na msululu wa magari atatuona siku moja, na vijana wetu watataka kazi hiyo, nami nataka waipate. Ndiyo maana nawaomba viongozi wa vijiji, ambao wazazi wao waliandika sheria ndogo za msitu mwaka 1995 bila kungoja mtu wa nje, waketi tena mapema. Mgeni alipie ofisi ya kijiji, si mfukoni mwa mwongozaji. Malipo ya mwongozaji yawe ya siku nzima, awe amemwonyesha mgeni tembo au amemrudisha barabarani saa tatu asubuhi. Neno lake la kurudi lisijadiliwe na mtu yeyote, awe bosi, awe mkubwa wa serikali, awe mgeni aliyetoka mbali kiasi gani. Majina ya walioingia na saa ya kutoka yaandikwe, kama walivyofanya walinzi wa zamani. Masika yakianza, njia zinazopita makorongoni zifungwe hadi ofisi itakapotangaza vingine, na tangazo hilo libandikwe pale mabasi yanaposimama.

Na kwa ninyi mnaopanga safari, iwe ya huku, ya Udzungwa au ya Zambezi, muulizeni anayewapeleka swali moja kabla ya kutuma fedha: siku ya mwisho uliyoghairi safari ilikuwa lini, na uliwalipaje vijana wako? Akiwa na jibu la haraka lenye tarehe na sababu, mpeni kazi. Akicheka na kusema yeye hajawahi kughairi, tafuteni mwingine, kisha ombeni ruhusa kazini ya Jumatatu na Jumanne.